SOMO: Kumsikiliza mwandishi wa riwaya za upelelezi maktabani

Wiki hii nimeulizwa jambo hili inboksi mpaka basi. Naliandika mara moja, someni mpaka mwisho.

1. Pita maktabani au piga simu uulize siku, saa na kiingilio.

2. Fika mapema. Begi kubwa huachwa mlangoni. Simu iwe kimya.

3. Soma japo kitabu kimoja cha mwandishi huyo.

4. Swali lako. Hapa ndipo nilipoharibu. Mara yangu ya kwanza nilisimama nikauliza kwa nini yule daktari aliua wakati angeweza kutoroka. Ukumbi mzima kimya. Mbele yangu alikaa mama aliyekuwa ndiyo kwanza amekinunua kitabu, kipo mapajani, akageuka akanitazama. Siri iliyofichwa kwa kurasa mia mbili niliimwaga kwa sentensi moja. Kwa hiyo: USIMTAJE MUUAJI. Usiseme hata "yule ambaye hatukumdhania", watu wataunganisha. Una swali la mwisho wa hadithi? Subiri wakati wa saini, uliza kwa sauti ya chini. Ukumbini uliza kazi ilivyofanyika: alianza na maiti au na muuaji? Mambo ya polisi aliyajuaje? Na usitusimulie kitabu dakika tano ndipo uulize.

5. Saini: nunua nakala halali, andika jina lako kwenye karatasi asilikosee.

MASWALI

Kibonge_Tmk: Kiingilio sh ngapi mkuu?
— Hatua ya 1.

Dogo wa Dom: Nina pdf ya grupu, nikiprinti atasaini?
— Hapana. Unampelekea mtu jasho lake lililoibwa aliwekee sahihi.
Dogo wa Dom: Mbona mkali, nimeuliza tu.
— Na nimejibu. Kama huna hela, kiazime hapo hapo maktaba, halafu nenda kasikilize.

Binti Pangani: Shikamoo kaka. Nataka kumuuliza kuhusu waliomtangulia. Nianze na nani?
— Marahaba dada, swali zuri sana hilo. Anza na Mohammed Said Abdulla wa Zanzibar. Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda shindano la uandishi la 1957/58, ikachapwa 1960. Mpelelezi wake, Bwana Msa, anafumbua mambo kwa kufikiri, kiko cha tumbaku mdomoni. Kisha shika Willy Gamba wa Elvis Musiba, huyo ni mtu wa bastola na safari, halafu Joram Kiango wa Ben Mtobwa. Ukishawasoma, muulize mwandishi mpelelezi wake kwa nini anatumia akili zaidi au ngumi zaidi. Ataongea nusu saa.

Binti Pangani: Asante kaka! Vya zamani navipata wapi?
— Jaribu wauza vitabu vya mitumba mjini.

Mzee wa Posta: Naongezea. Kagua kurasa za nyuma kabla hujalipa, ndizo hunyofoka kwanza. Mimi nina kimoja tangu ujana wangu, mpaka leo simjui aliyeua.
— Mzee wangu, kitaje jina. Nikiwa nacho nakupigia picha hizo kurasa leo leo.