Kuchagua Matairi ya Hiace kwa Masika na Kiangazi

Hiace nyingi zinazoshushwa bandarini Dar es Salaam na Mombasa hufika na matairi kutoka Japani ambayo bado yana meno marefu, na mnunuzi hufurahi kwamba gharama hiyo ameikwepa kwa mwaka mzima. Kabla hujafurahi, pangusa vumbi ubavuni mwa tairi usome. Likiwa limeandikwa STUDLESS, hilo ni tairi la majira ya baridi, ambalo mpira wake ulifanywa laini makusudi ili ushike barafu. Juu ya lami ya moto ya pwani mpira huo hulika upesi mno, na gari huyumbayumba kwenye kona kwa sababu meno yenyewe yanapinda. Langu lilikuja na manne ya namna hiyo, na masika hayajaisha mawili ya nyuma yakawa yanaelekea kuwa vipara.

Tunachohitaji ni tairi la misimu yote, lakini jina hilo hutumiwa ovyo madukani. Herufi M+S maana yake ni matope na theluji, nazo ni kauli ya mtengenezaji mwenyewe kuhusu umbo la meno. Alama ya mlima wenye vilele 3 na chembe ya theluji ndani yake ndiyo inayoonyesha kwamba tairi limepimwa kwenye theluji. Anayeishi Toronto na aitafute, ila wa Morogoro haimwongezei kitu. Kwa mvua zetu tazama mifereji: iwe mipana, izunguke tairi lote, na iwe na matawi yanayotoa maji pembeni.

Jambo zito kuliko yote ni uwezo wa kubeba, na hapo ndipo wengi huponzwa na bei. Hiace nyingi za rimu ya inchi 15 hutumia saizi ya 195R15C au 195/80R15 LT, ingawa la kuaminika ni kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Herufi C na LT huonyesha kwamba tairi ni la gari la kazi. Ukiona 106/104R, namba 106 ina maana kwamba tairi moja hubeba kilo 950, namba 104 kwamba kila moja hubeba kilo 900 yanapofungwa mawili mawili upande mmoja, na R ni kasi ya kilomita 170 kwa saa, ambayo Hiace iliyojaa haipaswi hata kuikaribia.

Sasa lilinganishe na tairi la gari dogo la 195/65R15 lenye namba 91, ambalo muuzaji atakwambia kwamba "linaingia vizuri tu". Kuingia linaingia, kwa kuwa rimu ni ile ile, lakini linabeba kilo 615 pekee. Manne hayafikishi hata kilo 2,500, ilhali Hiace yenye abiria na mizigo juu yaweza kukaribia au kupita kilo 3,000, na sehemu kubwa ya uzito huo iko nyuma. Isitoshe, kimo chake ni pungufu kwa karibu sentimita 6, hivyo gari linainama na mshale wa spidi unadanganya.

Umri husomwa kwenye tarakimu 4 za mwisho za mstari unaoanza na DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lililokaa miaka mingi dukani si jipya hata kama karatasi zake bado zimebandikwa, hasa kama lilikuwa likianikwa juani mlangoni. Likunje kidogo kwa kidole gumba ubavuni, na ukiona nyufa nyembamba, liache. Kwa mtumba ongeza uangalifu, maana wapo wanaochonga meno upya kwa kisu cha moto na kupaka rangi. Ndani ya mifereji kuna vinundu vyenye kimo cha milimita 1.6, vinavyoonyeshwa kwa herufi TWI ubavuni. Vikiwa vimekatwa, kisu kimepita hapo.

Fedha ikitosha mawili tu, yafunge nyuma. Madereva wengi huyapeleka mbele kwa sababu ndiko kunakoshikwa usukani, lakini mbele ikiteleza kwenye maji dereva huhisi na kupunguza mwendo, wakati nyuma ikiteleza gari huzunguka kabla hajafanya lolote.

Simama karibu wakati fundi anafunga. Dai valvu mpya, balansi na alaimenti, kwani tairi jipya kwenye miguu iliyopinda hulika upande mmoja. Upepo ujazwe kwa kufuata kibandiko, matairi yakiwa ya baridi. Kikisema kPa 350, hiyo ni takriban psi 51, na usikubali psi 30 za gari dogo ambazo fundi huzijaza kwa mazoea. Ukishatembea kilomita 80 hivi, kaza nati upya, kisha pima upepo wa spea pia.