Kuchagua Palm ya bei nafuu kwa ratiba za kila siku

Kwa ratiba tu, Palm m105 iliyotumika (kompyuta ndogo ya mfukoni ya kalamu) inatosha: MB 8 hubeba miadi na namba za simu tele, na hutumia betri mbili za AAA. Palm Zire ya 2002 ni nyepesi kidogo, ila ina MB 2, haina taa ya kioo, na betri imefungwa ndani. Betri ikiisha kabisa kila kitu hufutika, kwani kumbukumbu zimo kwenye RAM, ambayo hushika data ikiwa na umeme tu. M105 ibadilishe betri ndani ya dakika moja.

Kabla ya kulipa, chora mstari kwenye Note Pad (programu ya kuchora na kuandika kwa kalamu) hadi ukingoni. Mstari ukipotoka, ingia Prefs (mipangilio), kisha Digitizer (urekebishaji wa mguso), urekebishe. Ukipotoka tena, irudishe Palm. Na kalenda, jamani, huishia 2031.