Kaunti imetangazwa, nyumba imeharibika: namna ya kuomba FEMA bila faili lako kukwama

Nimekaa mezani na familia nyingi zinazosema Kiswahili huku Marekani tukijaza ombi la FEMA, shirika la serikali kuu linaloshughulikia maafa. Wengi wao walistahili kupata kitu. Waliokosa, mara nyingi hawakukosa kwa sababu paa halikung'oka. Walikosa kwa sababu jina kwenye ombi halikufanana na la kadi ya Social Security (kadi ya serikali yenye namba ya kila mtu), au barua ilitumwa kwenye fleti ambayo haina mtu tena. Anayeamua hajawahi kuiona nyumba yako, anaona faili tu. Hatua zote hapa chini ni za kulitengeneza faili hilo.

Hatua ya 1: Hakikisha kaunti yako imo

Msaada wa kaya haufunguki kwa sababu tu mvua ilinyesha sana. Chini ya Sheria ya Stafford ya 1988, gavana humwomba rais, rais hutangaza maafa makubwa, kisha hutajwa kaunti ambazo wakazi wake wanaruhusiwa kuomba msaada wa mtu mmoja mmoja. Kaunti ya jirani inaweza kuwemo na yako isiwemo, halafu ikaongezwa baadaye. Upepo mkali uitwao derecho ulipoipiga Cedar Rapids, Iowa, tarehe 10 Agosti 2020, familia za wakimbizi, wakiwemo Wakongo, zilijikuta zikilala kwenye mahema nje ya fleti zao zilizobomoka. Zilipita siku kadhaa kabla msaada wa kaya kuruhusiwa katika kaunti ile. Siku kama hizo za kusubiri zitumie kufanya hatua ya 2 na ya 3. Kuangalia kama umo, ingia DisasterAssistance.gov uandike anwani yako.

Hatua ya 2: Picha, halafu fagio

Piga picha kabla ya kugusa kitu: kila chumba kutoka pembe zote, alama ya maji ukutani, friji, magodoro, gari. Ukishapiga, safisha. Kuna watu huacha zulia bichi ndani wiki mbili eti mkaguzi aone. Ukungu haumsubiri mkaguzi, na FEMA haikukatazi kusafisha. Risiti za kila ulichonunua ama kulipia, hata hoteli ya usiku mmoja, zitie kwenye bahasha moja.

Hatua ya 3: Bima inatangulia

Kama una bima ya nyumba, ya vyombo au ya mafuriko, fungua dai huko mara moja. Sheria hairuhusu FEMA kulipa kile ambacho bima imelipa. Hilo halimaanishi uisubiri bima imalize ndipo uombe FEMA; omba sasa, kisha ipeleke barua ya bima ikishatoka, iwe ya kulipa au ya kukataa. Bima ya kawaida ya nyumba huku kwa kawaida hailipi mafuriko. Barua ya bima inayosema "hatulipi mafuriko", ambayo watu huitupa kwa hasira, ndiyo inayolifungua faili lako.

Hatua ya 4: Nani awe mwombaji

Anayeomba msaada wa fedha awe raia wa Marekani au mtu mwenye hadhi ya uhamiaji inayokubalika: mwenye grinikadi, mkimbizi, aliyepewa hifadhi, na wengine wachache. Viza ya mwanafunzi au ya utalii haitoshi. Lakini kaya nzima haihitaji kuwa na hadhi hiyo. Akiwepo mmoja tu, inatosha, hata akiwa mtoto. Mzazi asiye na makaratasi anaweza kuomba kwa niaba ya mwanawe wa chini ya miaka 18 aliye raia, anayeishi naye na mwenye namba ya Social Security. Ila FEMA iko chini ya wizara ileile inayosimamia uhamiaji, kwa hiyo familia ya namna hii naishauri izungumze kwanza na wakili wa msaada wa sheria wa bure. Chakula, maji na makazi ya dharura baada ya maafa haviulizi hadhi ya mtu.

Halafu, kaya moja ombi moja. Baba akijaza kwa simu usiku na mama akijaza tena asubuhi kwa namba yake, hampati mara mbili. Maombi yote mawili husimamishwa hadi mtu aje kuyatenganisha.

Hatua ya 5: Jina, tarehe na anwani

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo watu wetu wanapoumia.

FEMA hulinganisha jina lako, tarehe ya kuzaliwa na namba ya Social Security na kumbukumbu za umma. Sasa fikiria mtu aliyepitia kambini. Aliandikiwa amezaliwa 1 Januari kama nusu ya majirani zake, ilhali mwenyewe anajua alizaliwa wakati wa mavuno. Jina la babu limekuwa jina la mwisho kwenye kadi moja na la katikati kwenye nyingine. Saidi amekuwa Said. Mtu kama huyu akijaza ombi kwa jina analoitwa nyumbani na tarehe aliyoambiwa na mama yake, kasema kweli, lakini mfumo utamwona mgeni. Weka kadi ya Social Security mezani, unakili herufi kwa herufi, hata kama kuna kosa. Kusahihisha kosa ni safari nyingine, na huanzia ofisi za Social Security. Mfumo ukishindwa kukutambua, utaombwa hati. Barua kutoka Social Security au karatasi ya mshahara yenye namba yako husaidia.

Baada ya jina, utahitajika kuonyesha kwamba uliishi pale. Katika nyumba zetu mkataba huwa kwa jina la shemeji, umeme kwa jina la mjomba, na wewe unayelipa nusu ya kodi huna karatasi hata moja. Usikate tamaa mapema. Tangu 2021 FEMA imepanua hati inazokubali: barua kutoka shule ya watoto, kadi ya usajili wa gari, barua ya shirika linalokuhudumia, maelezo ya mwenye nyumba. Leseni ya udereva na karatasi ya mshahara yenye anwani pia hufaa. Chagua moja ambayo anwani yake imeandikwa sawasawa na ya kwenye ombi, pamoja na namba ya fleti. Namba ya fleti ikisahauliwa, jengo zima huonekana ni kaya moja, na hapo huwa mmejiunga na majirani msiowajua.

Hatua ya 6: Jaza ombi

Unaweza kujaza kwenye tovuti ile niliyoitaja, kwenye programu ya simu ya FEMA, kwenye kituo ambacho FEMA hufungua karibu na eneo la maafa, au kwa kupiga 1-800-621-3362. Kwa simu, sema neno "Swahili" na usubiri mkalimani. Usimpe mtoto kazi ya kutafsiri: maswali ni ya bima na ya kipato, naye atajibu kwa kubahatisha ili amalize. Ukimaliza utapewa namba ya tarakimu tisa. Iandike mahali pawili.

Maswali mawili yana uzito kuliko yanavyosikika. La kwanza ni kama una mahitaji ya dharura sasa hivi: chakula, maji, mafuta ya gari, maziwa ya mtoto. Ukijibu ndiyo na sifa nyingine zikatimia, unaweza kupata malipo ya haraka ambayo kwa maafa yaliyotangazwa kuanzia 1 Oktoba 2024 yalikuwa dola 770 kwa kaya. Kiwango hurekebishwa kila mwaka. Malipo haya kwa kawaida huombwa ndani ya siku 30 za mwanzo. La pili ni kama nyumba inakalika na kama uko tayari kuhama kwa muda. Ukisema "nitabaki tu hapahapa", kwa kuogopa kupoteza fleti, umejifungia msaada wa kodi ya nyumba.

Na hapa tabia yetu nzuri hutuponza. Sisi tukiulizwa hali, tunajibu "salama" kwanza, mabaya baadaye, na mabaya yenyewe kwa sauti ya chini. Nimemsikia mama akimwambia karani "tunamshukuru Mungu, si vibaya sana", wakati dari lake liko sakafuni. Kwenye faili hilo huandikwa "uharibifu mdogo", na kwa uharibifu mdogo ukaguzi haupangwi wenyewe. Mpaka upige simu kuuomba. Shukrani ni ya Mungu, anayezijua hali zote. Karani mtajie dari.

Hatua ya 7: Mkaguzi

Mkaguzi atapiga simu kupanga siku, mara nyingi kwa namba usiyoijua, basi pokea. Akifika ataonyesha kitambulisho chenye picha, na atakuwa na namba yako ya tarakimu tisa tayari. Hatakudai pesa wala namba ya benki. Anayedai ni tapeli, na baada ya kila kimbunga hawakosekani. FEMA haitozi ada yoyote, na yule "anayejua mtu ndani" kwa dola mia moja hamjui mtu.

Mwonyeshe kila kitu, pamoja na kilichokwisha kutupwa, kwa picha zako. Mtaje aliye na ulemavu na kifaa chake kilichoharibika. Usimuulize utapata kiasi gani, kwa sababu haamui.

Hatua ya 8: Pesa ikija

Barua itasema pesa ni ya nini: ukarabati, kodi ya nyumba, vyombo. Itumie kwa hicho na utunze risiti kwa miaka 3. Si mkopo, haikatwi kodi ya mapato, na haipunguzi stempu za chakula. Kiwango cha juu cha msaada wa makazi kwa maafa yaliyotangazwa kuanzia 1 Oktoba 2024 kilikuwa dola 43,600, na kingine kama hicho kwa mahitaji mengine, lakini usijenge ndoto juu ya namba hiyo. Wengi hupata sehemu ndogo tu. Kama nyumba iko kwenye eneo la hatari ya mafuriko, msaada unaweza kuja na sharti la kukata bima ya mafuriko na kuishikilia, la sivyo maafa yajayo utakosa.

Kuhusu mikopo ya SBA, shirika la serikali kuu la biashara ndogo ambalo baada ya maafa hukopesha hata kaya: zamani waombaji wengi walilazimika kupitia huko kwanza ndipo wafikiriwe kwa vyombo au gari, jambo lililowasumbua Waislamu wanaoepuka riba. Kwa maafa yaliyotangazwa kuanzia 22 Machi 2024 sharti hilo limeondolewa. Ukitaka mkopo uombe, usipotaka uache. Aliyepoteza kazi kwa ajili ya maafa, hata dereva wa teksi au msusi anayejitegemea, aulize idara ya kazi ya jimbo lake kuhusu malipo ya ukosefu wa ajira kwa sababu ya maafa. Yana tarehe zake za mwisho, fupi.

Hatua ya 9: Barua ikisema hapana

Soma barua yote, hadi ukurasa wa mwisho. "Hustahili" mara nyingi maana yake ni "tumekosa karatasi fulani", na karatasi yenyewe imetajwa humo. Wakati mwingine ukiituma tu, mambo huendelea.

Kama uamuzi wenyewe ni mbaya, au kiasi ni kidogo mno, kata rufaa ndani ya siku 60 tangu tarehe iliyoandikwa kwenye barua, si siku uliyoipokea. Wengi hawajui kwamba hata aliyepewa anaweza kukata rufaa akitaka kilichobaki. Usiandike historia ya maisha yako. Chukua sababu waliyoitaja, ijibu hiyo tu, na uambatanishe ushahidi: makadirio ya fundi yaliyoandikwa na kusainiwa, barua ya bima, picha. Andika namba yako ya tarakimu tisa na namba ya maafa, iliyo kwenye barua yao, juu ya kila ukurasa, hata nyuma ya picha, kwa sababu kurasa hutengana zikiingizwa kwenye mfumo. Tuma kwa tovuti kama unaweza, upate uthibitisho. Jibu linaweza kuchukua hadi siku 90, na likitumwa kwa posta litakwenda kwenye anwani iliyo ndani ya faili, kwa hiyo ukihamia kwa ndugu katikati ya kusubiri, wapigie wabadilishe anwani siku hiyohiyo.