Dozi ya kuku haiishi kuku wanapochangamka

Juzi huko Ruai mama mmoja alinionyesha pakiti ya antibiotiki aliyoifunga kwa mpira na kuiweka juu ya kabati la vyombo. "Daktari, siku ya pili walichangamka, nikaona hii iliyobaki niiweke akiba." Wiki tatu zilikuwa zimepita, na kuku walikuwa wanakufa upya. Nilimpasua mmoja juu ya gunia. Ini lilikuwa limevimba, limegeuka rangi ya shaba. Taifodi ya kuku ileile, na maabara ikatuambia dawa ile ya kabatini haiui tena bakteria hao.

Nasema bila kuficha: kuacha dozi njiani ndiko kunakotumaliza. Salmonella, bakteria wanaoleta taifodi hiyo, haikai utumboni tu. Hupenya ukuta wa utumbo na kuingia ndani ya chembe nyeupe za damu, zilezile zinazopaswa kuimaliza, ikajificha humo hadi kwenye ini na ovari. Siku ya pili dawa imeua bakteria walio dhaifu. Ukikatiza hapo umewafagilia uwanja walio sugu. Na usugu huo hauishii kwao, kwa sababu jeni zake huhama kutoka bakteria mmoja hadi mwingine, hata wa aina tofauti, wakiwemo walio tumboni mwako wewe unayezoa kinyesi kwa mikono mitupu.

Sasa hesabu. Kuku wa mayai hunywa takriban mililita 250 kwa siku, joto likizidi huongeza. Kuku 300 ni lita 75. Tuseme karatasi ya dawa inasema gramu 1 kwa lita 2 kwa siku 5: hiyo ni gramu 37.5 kila siku, jumla gramu 187.5. Pakiti moja ya gramu 100 haitoshi! Usiinunue ukitumaini kuinyoosha. Kama pesa ni za pakiti moja, ongea na daktari wa mifugo kabla hujaifungua.

Na hicho kijiko cha chai unachopimia dawa kirudi jikoni. Kikijazwa kilima hubeba maradufu ya kilichosawazishwa, na kila unga una uzito wake. Tumia mizani ya gramu; dawa ya maji pima kwa sirinji. Changanya upya kila asubuhi, kiasi cha kuisha ndani ya saa 24, na uondoe maji mengine yote bandani. Dawa za jamii ya tetrasaiklini usizitie pamoja na kalsiamu, maana hushikana na kuku hafaidiki.

Siku za kusubiri kabla ya kuuza mayai au nyama huhesabiwa baada ya dozi ya mwisho. Wengi mnahesabu tangu ya kwanza, na hilo ni kosa kubwa. Anayekula yai hilo ni mtoto wa mtu.

Vifo vikipungua na ulaji ukirudi, vizuri, lakini maliza siku zilizoandikwa.

Magonjwa ya kuku ya Newcastle na Gumboro huletwa na virusi, antibiotiki haiviui. Kwa hiyo kabla hujatia dawa yoyote majini, peleka maabara ya mifugo kuku wawili au watatu wagonjwa walio hai. Kama wamekufa, wawe wa siku hiyohiyo, ndani ya mfuko uliofungwa na barafu pembeni, wasigandishwe.