Kuishi kwenye boti ya matanga visiwani: anza na nanga, mengine yatafuata

Watu wakitaka kuhamia kwenye boti na kuzunguka visiwa vya joto huwa wanaanza kuuliza habari za matanga, injini, boti ya futi ngapi. Mi naanza na nanga, na sababu yake ni hesabu tu, ukiishi hivi siku za kusafiri ni chache sana kuliko siku unazokaa umetia nanga. Unakimbia usiku mmoja au siku mbili halafu unakaa wiki nzima ndani ya ghuba, hapo hapo ndo unapika, unafua, unatengeneza kilichoharibika, unalala. Usipoiamini nanga yako hulali, na mtu ambaye hajalala siku 3 anaanza kukosea vitu vidogo vidogo, na boti nyingi zinapotea kwa vitu vidogo vidogo. Kwa hiyo ntaenda hatua kwa hatua, na kwenye nanga ntakaa sana.

Hatua ya 1: Angalia msimu kabla hujaangalia kisiwa

Hii fupi ila usiiruke. Atlantiki Kaskazini pamoja na Karibi msimu wa vimbunga unahesabiwa kuanzia 1 Juni mpaka 30 Novemba. Pasifiki Kusini na Bahari ya Hindi upande wa kusini ni Novemba mpaka Aprili. Miezi hiyo boti iwe nje ya eneo hilo kabisa. Karibu na ikweta, ndani ya nyuzi 5 hivi kila upande, vimbunga huwa ni nadra mno kutokea, ndo maana wengi wanakimbilia huko msimu ukifika. Hakuna nanga wala ufundi wa nanga ninaoujua mimi wa kushindana na kimbunga.

Hatua ya 2: Ingia jua likiwa juu na likiwa mgongoni kwako

Visiwa vya matumbawe unaviingia kwa macho. GPS yako inajua ulipo kwa makosa ya mita chache tu, lakini ramani unayoiangalia kuna sehemu bado inategemea vipimo vya karne ya 19, kwa hiyo usishangae kioo kikikuonyesha unasafiri juu ya nchi kavu wakati chini yako kuna mita 20 za maji. Panga kufika kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, jua liwe nyuma yako, mtu mmoja asimame omo, yani mbele kabisa ya boti, na miwani ya polaroidi, yule wa kwenye usukani asikilize anachoambiwa.

Rangi ndo ramani yako. Buluu nzito ni kina kirefu, kijani cha kung'aa ni mchanga wa kina cha wastani, ikielekea nyeupe ujue maji yanaisha, na kahawia au njano njano ni mwamba, huko usiguse. Kivuli cha wingu nacho kinafanana na mwamba, tofauti ni kwamba kivuli kinatembea, so punguza mwendo, kikazie macho dakika moja, kama hakisogei kwepa.

Mlango wa kuingia ndani ya mwamba una mambo yake. Wengi wanasubiri maji kusimama kwa kutumia jedwali la kujaa na kupwa na wanakuta mkondo bado unatoka kama mto, wanadhani jedwali limekosea. Kinachotokea ni kwamba mawimbi makubwa ya nje yanamwaga maji juu ya mwamba masaa yote, yale maji yakishaingia ndani lazima yatafute pa kutokea, na pa kutokea ni ule mlango. Bahari ya nje ikiwa imechafuka siku kadhaa mkondo unaweza kutoka hata wakati ulitakiwa kuingia. Simama nje kwanza uangalie, ukiona mawimbi yamesimama wima palepale mlangoni, mkondo unatoka na unapigana na upepo, subiri. Na kama umechelewa na jua linashuka, usijaribu bahati yako, punguza matanga kaa nje mbali na mwamba mpaka asubuhi. Usiku mmoja wa kuyumba unavumilika.

Hatua ya 3: Tafuta mchanga

Unatafuta doa jeupe la mchanga lenye ukubwa wa kutosha. Majani ya baharini yanadanganya, nanga inakaa juu yake kama imeshika kumbe imeshika mizizi tu. Matumbawe usitie nanga kabisa, kwanza unaua kitu kilichochukua miaka mingi kukua, pili nanga ikinasa chini ya tumbawe huitoi.

Kabla ya kuangusha zunguka duara moja polepole ukiangalia kipimo cha kina, maana boti haitakaa sehemu moja, itazunguka nanga upepo ukigeuka, duara lote hilo liwe salama na lisiwe na boti ya mwenzako ndani. Pia jiulize upepo ukigeuka usiku ukavuma kuelekea nchi kavu, nyuma yangu kuna nini? Kama jibu ni mwamba, tafuta pengine.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya cheni, usikadirie

Hapa ndo makosa mengi yanapotokea. Tuseme kipimo kinasoma mita 5. Jua kwanza kinasoma kutoka usawa wa maji au kutoka chini ya mkuku (ule uti wa chini kabisa wa boti), maana tofauti inaweza kuwa mita 2. Tuseme ni usawa wa maji. Ongeza kimo cha omo kutoka majini, mita 1.5. Ongeza na maji yatakayojaa bado, tuseme mita 1.5 tena. Jumla ni 8, sio 5. Zidisha mara 5 kama hali ni tulivu, unapata mita 40 za cheni. Ukitegemea upepo, zidisha mara 7, mita 56. Aliyehesabu 5 mara 5 akatoa mita 25 anajiona ana uwiano wa tano, kumbe maji yakijaa ana uwiano wa tatu, na usiku huo huo ndo nanga itang'oka.

Sababu ya urefu ni hii, nanga inajizika ikivutwa kwa ulalo, ikivutwa kwa juu inatoka. Na upepo ukiongezeka mara mbili, nguvu yake kwenye boti inaongezeka mara nne, yani noti 30 (noti ni maili ya baharini kwa saa) sio noti 15 mara mbili, ni mzigo mwingine kabisa. Cheni iliyobaki ndani ya boti haikusaidii kitu, kama una nafasi ya kuzunguka, itoe. Paka rangi kila mita 10 ili usibaki kukisia.

Hatua ya 5: Iangushe, iache, halafu uikaze

Elekeza omo kwenye upepo, ingia taratibu mpaka juu ya lile doa jeupe, simamisha boti kabisa. Shusha nanga mpaka iguse chini, usiimwage cheni yote juu yake maana inajirundika na kuifunga nanga. Boti ikianza kurudishwa na upepo, toa cheni kidogo kidogo inyooke chini. Ukitoa nusu hivi simama, iache ijivute kidogo, omo itageukia kwenye cheni, hiyo ni dalili imeanza kushika. Toa iliyobaki.

Kisha subiri. Mi nakaa dakika 10 bila kugusa kitu, kwenye tope laini hata zaidi, nanga izame kwa uzito wake. Ndipo naweka gia ya nyuma, kwanza taratibu, halafu nusu, halafu naongeza nashikilia nusu dakika. Weka mguu au mkono kwenye cheni wakati huo. Ikiwa imeshika utasikia imekaza kimya kama chuma cha geti. Ikiwa inaburuta utaisikia ikitetemeka na kukwaruza, inaruka, inashika, inaruka, ukiishaisikia mara moja hutaisahau. Wakati huo huo tazama ubavuni vitu viwili nchi kavu vilivyo mstari mmoja, mfano mnazi na kona ya nyumba nyuma yake, vikiachana ujue unarudi nyuma. Imeburuta? Vuta yote, anza upya. Hata mara ya nne, hata kama boti zote zinakuangalia.

Ikishashika, funga kamba ya nailoni ya mita 6 mpaka 10 kwenye cheni, itoe mpaka ibebe mzigo yenyewe na cheni ilegee. Cheni haina mnyumbuliko, wimbi likipiga mshtuko wote unaenda kwenye nanga na kwenye winchi, na winchi haikutengenezwa kubeba boti. Nailoni inavutika. Pia kelele za cheni zinaisha chumbani, utashukuru.

Hatua ya 6: Vaa miwani uogelee uende kuiona

Maji ya huku ni ya joto na yanaonekana, huna sababu ya kutokwenda. Kuna jioni moja nilifika nimechoka, nikaikaza nanga ikashika vizuri tu, nikasema kesho. Saa nane usiku likaja wingu na upepo kama noti 35, boti ikaanza kwenda nyuma kimya kimya, kilichoniamsha ni boti kulala ubavu kwa upepo badala ya kuukabili. Tuliwasha injini tukatoka gizani kwenye maji tusiyoyaona. Nilipovuta nanga ilikuwa imebeba jiwe la tumbawe lililokufa, ukubwa wa kichwa cha mtu, limebana katikati ya makali yake. Ilikuwa haijawahi kujizika, ilikuwa imeegemea tu. Ningeogelea dakika 5 jioni ile ningeliona. Tangu siku hiyo chakula hakiliwi kabla sijaiona nanga kwa macho.

Ukifika juu yake unataka uione imezama, ikiwezekana shingo tu ndo inaonekana, cheni imelala imenyooka. Ukiona iko ubavu, au ncha iko juu, rudi ukairudie.

Kama mchanga umechanganyika na vichwa vya matumbawe kuna ufundi unatumika sana visiwa vya Tuamotu, huko Polinesia ya Ufaransa. Toa cheni ya kwanza, urefu wa kutosha kulala chini kwenye mchanga, halafu funga boya dogo kwenye cheni, toa tena mita 5 au 6, funga lingine. Cheni inaelea juu ya matumbawe, haizungukii vichwa, haivivunji, na boti haikwami kwenye cheni fupi upepo ukigeuka.

Hatua ya 7: Andaa usiku

Washa taa nyeupe ya kuonekana pande zote, ni sheria ya kimataifa na ndo inayozuia mtu asikugonge. Weka alamu ya nanga, ile ya GPS inayolia boti ikisogea mbali, lakini alama uiweke pale nanga ilipoangukia, sio pale boti ilipo sasa hivi. Pandisha dingi juu, kile kiboti kidogo cha kwendea ufukweni. Sitaha iwe safi na ufunguo wa injini uwe mahali pake.

Na soma barometa, kipimo cha mgandamizo wa hewa. Huku tropiki inapanda na kushuka mara mbili kwa siku kama maji ya bahari, inafika juu kama saa nne asubuhi na saa nne usiku, inafika chini kama saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, tofauti ni kama hektopaskali 3 tu. Andika namba kila siku wiki mbili, utaujua mdundo wake. Siku ambayo mdundo huo unapotea, au inashuka na hairudi, usingoje utabiri ukuambie.

Hatua ya 8: Vitu vya kukuweka hai ndani

Umeme: friji la volti 12 kwenye joto hili linaweza kula ampea-saa 50 au 60 kwa siku peke yake, kwa hiyo pima matumizi kwanza ndo ununue sola. Kivuli chembamba cha mlingoti juu ya paneli kinaua sehemu kubwa ya umeme wake. Betri za asidi usizishushe chini ya nusu.

Maji: oga kwa maji ya bahari, suuza kwa lita moja au mbili za maji yasiyo na chumvi. Ukiwa na mashine ya kutoa chumvi usiiwashe kwenye maji ya bandari yenye mafuta, na usiisafishe kwa maji ya bomba yenye klorini, klorini inakula ule utando wa ndani.

Gesi ya kupikia nzito kuliko hewa, ikivuja inatelemka ngamani, chini kabisa ndani ya boti, inakusubiri hapo. Mtungi ukae nje kwenye sanduku lenye tundu la kutolea chini, na valvu ifungwe kila ukimaliza kupika, kila mara.

Samaki wa mwambani, hasa wakubwa wanaokula wenzao kama chewa, mkunga na mzia, wanaweza kuwa na sumu ya siguatera. Haina harufu, haina ladha, na moto hauiondoi. Uliza wavuvi wa kisiwa hicho hicho yupi analiwa na wa upande gani.

Hatua ya 9: Kung'oa

Usiivute boti kwa winchi. Mwenye usukani aende mbele polepole kufuata mkono wa aliye omo anayeonyesha cheni ilipo, winchi ikusanye cheni iliyolegea tu. Ikifika wima, funga cheni, subiri, mawimbi madogo yataichomoa yenyewe taratibu. Ikigoma usilazimishe, shuka na miwani uone imenasa wapi, mara nyingi ukitoa mita kadhaa za cheni na boti ikazunguka kwenda upande ilikotokea inatoka bila nguvu. Mwagia cheni maji ikipanda, matope yanayoingia nayo kwenye sanduku lake yananuka siku ya tatu mpaka kwenye kitanda cha mbele.