Kubadili diski za breki za mbele nyumbani, na ile kutu ya kwenye habu

Jumamosi nilikuwa kwa shemeji Kigamboni tunabadili diski za breki za mbele za Toyota IST yake, kazi ya masaa mawili ikala mpaka magharibi, naandika kabla sijasahau. Usukani ulikuwa unatetemeka kila akikanyaga breki akiwa themanini hivi, fundi wake akamwambia diski zikaskimiwe, yaani zikanolewe uso kwenye mashine. Mimi kuskimu siitaki, diski imeshaliwa halafu unaipunguza tena unene, inapata joto haraka, miezi michache mtetemo umerudi. Kwenye diski yenyewe pameandikwa MIN TH (unene wa mwisho unaoruhusiwa) na namba ya milimita, pima na vernia, ikiwa chini ya hapo au inakaribia, tupa. Badili zote mbili, kulia na kushoto, na pedi mpya na klipu zake mpya (vile vibati vidogo pedi zinapokaa). Pedi za zamani zimeshajichora kufuata diski ya zamani, ukizibandika kwenye mpya unaharibu hela yako mwenyewe.

Hatua ya 1. Paki penye saruji. Kigamboni ni mchanga mtupu, jeki inazama huku unaiangalia. Vuta hendibreki, weka mawe tairi za nyuma, legeza nati za tairi kabla hujanyanyua, kisha stendi chini ya gari. Jeki peke yake siyo stendi, hapo sibishani na mtu.

Hatua ya 2. Toa tairi, geuza usukani upate nafasi, fungua kalipa, ile inayobana pedi kwenye diski. Ya shemeji pini zilifunguka na spana 14, bracketi inayobeba pedi spana 17. Kalipa ifunge na waya kwenye springi, usiiache ining'inie na hozi ya mafuta ya breki.

Hatua ya 3, kutoa diski, na hapa ndipo jua lilituzamia. Gari za pwani diski inagandana na habu (kitovu ambacho diski na tairi vinafungwa) kwa kutu mpaka unadhani zimechomelewa. Shemeji akachukua nyundo ya kilo mbili akaanza kugonga kwa nje, tukamaliza nusu saa hakuna kilichosogea, na kugonga hivyo mshtuko wote unaingia kwenye beringi. Ndipo nikakumbuka, angalia vizuri usoni mwa diski katikati ya zile bolti za tairi, Toyota wanaweka matundu mawili madogo yenye nyuzi. Siyo urembo, ni ya kutolea diski. Yanaingia bolti za M8 uzi wa 1.25, yaani bolti ya kawaida ya spana 12 au 13, duka lolote la nati unapata kwa bei ya maandazi. Safisha uzi kwanza kwa brashi ya waya maana umejaa kutu, pulizia WD-40, ngoja dakika kumi (kunywa maji), ndipo uingize bolti kwa mkono. Ikikataa kwa mkono usilazimishe na spana, itakatikia humo ndani. Zikishaingia kaza nusu mzunguko huku, nusu kule, ukikaza upande mmoja tu inakwenda mshazari na inazidi kubana. Ikigoma, acha bolti zimekazwa hivyo hivyo, gonga kidogo kati ya bolti za tairi, kaza tena. Rudishia nati moja ya tairi nyuzi tatu nne tu, ili ikichomoka isikuangukie mguuni. Ya kulia ilitoka na mlio kama bunduki, watoto wa jirani wakakimbia.

Usifurahi bado. Ile kutu iliyobaki kwenye uso wa habu ndiyo iliwahi kunila mimi kwenye Vitz yangu, nilivaa diski mpya kabisa, baada ya wiki mbili usukani unacheza, nikalaumu muuza spea bure. Tabaka jembamba la kutu chini ya diski linailaza upande kidogo tu, lakini huko pembeni pedi zinaposhika inakuwa nyingi, pedi zinakula sehemu moja kila mzunguko. Kwa hiyo brashi ya waya, kisha msasa, zungushia kila bolti na ule mdomo wa katikati, pitisha kucha, ikikwama bado. Mdomo wa katikati paka kopa grisi nyembamba sana, usoni usipake kitu.

Hatua ya 4. Diski mpya ina mafuta ya kuzuia kutu, ioshe kwa brekiklina au maji na sabuni, ikauke, vaa.

Hatua ya 5. Klipu. Ng'oa za zamani kwenye bracketi na ukwangue kutu iliyo chini yake, maana hiyo ndiyo inazisukuma klipu mpaka pedi zinabana hazirudi. Pini za kalipa ziteleze kwa kidole. Pini ya chini upande wa kushoto ilikuwa imekwama kwa sababu fundi mmoja aliipaka grisi ya beringi, ile grisi inavimbisha mpira. Tumia ya silikoni tu. Na pini yenye mpira kichwani irudi tundu lake, hazibadilishani.

Hatua ya 6. Fungua kifuniko cha mafuta ya breki, rudisha pistoni kwa klampu taratibu ukiangalia yasifurike, yakigusa rangi ya gari yanaivua. Pedi, kalipa, kaza, tairi. Nati za tairi kaza 103 Nm kwa spana ya toki, kwa kuvuka, moja kisha ya mkabala wake.

Kabla hujawasha gari PAMPU PEDALI mpaka iwe ngumu. Mara ya kwanza inazama mpaka chini kabisa, mtu akirudi rivasi bila kupampu anagonga ukuta.

Kisha barabara tupu, toka 60 shuka mpaka 10 mara nane hivi bila kusimama kabisa, halafu endesha mwendo mdogo zipoe. Kaza nati tena kesho yake. Ukiona bado inatetemeka kidogo, kabla hujamrudia muuza spea vua diski uisogeze tundu moja, IST ya shemeji ina bolti nne kwa hiyo unayo nafasi nne za kujaribu. Ya kushoto ya shemeji ilitulia kwenye nafasi ya pili.