Kuchuja namba za Collatz kwa kutumia baki

Wanafunzi wangu wa hesabu hapa Mbeya wakishaonja swali la Collatz, hukimbilia kujaribu namba moja moja. Kanuni ni nyepesi: namba shufwa igawe kwa 2, witiri izidishe kwa 3 kisha ongeza 1, rudia. Je, kila namba hufika 1? Ukianza na 27 utaandika hatua 111 na kupanda hadi 9,232, kama lori kwenye Mlima Nyoka. Jasho lote hilo kwa namba moja!

Mimi nashika makundi. Kila namba kubwa kuliko 1 ikishuka chini ya ilipoanzia, swali limekwisha, kwani huwezi kushuka milele.

Hatua ya 1. Futa shufwa zote. Zinashuka papo hapo.

Hatua ya 2. Gawa witiri kwa 4. Zenye baki 1 ni 4k+1 (k ni namba nzima yoyote kuanzia 0), nazo huwa 12k+4, 6k+2, 3k+1. Zimeshuka (isipokuwa 1 yenyewe). Futa.

Hatua ya 3. Baki 3 inasumbua: 4k+3 hufika 9k+8, na hapo hujui kama ni shufwa au witiri mpaka uijue k. Wengi hukwama hapa. Ongeza kigawanyo kiwe 16. Sasa 16k+3 inapita 48k+10, 24k+5, 72k+16, 36k+8, 18k+4, mpaka 9k+2. Futa. Zinabaki 7, 11 na 15.

Hatua ya 4. Nenda 32. Baki 11 huishia 27k+10, baki 23 huishia 27k+20. Zifanye mwenyewe kwa penseli. Zinabaki 7, 15, 27 na 31. Ile 27 sugu bado imo.

Hatua ya 5. Kuanzia hapa tumia kompyuta. Kwa 256 yanabaki makundi 19 tu. Mwanahisabati Riho Terras alithibitisha mwaka 1976 kwamba sehemu inayobaki huelekea sifuri kadiri kigawanyo kinavyokua.

Lakini usishangilie. Kundi la 2^m−1 (2 ikizidishwa yenyewe mara m, toa 1) halichujiki kamwe kwa kigawanyo 2^m, kwa sababu hupanda mpaka 3^m−1: 31 hufika 242. Hata mwanahisabati Terence Tao, mwaka 2019, alipata matokeo ya “karibu namba zote”, si zote.

Ukidhani umepata uthibitisho, ujaribu kwanza kwa −5, inayozunguka bila kufika 1: −14, −7, −20, −10, −5. Kama hoja yako haitofautishi chanya na hasi, ina tobo.